Ngamia Aliyechanika Sikio

Tuliambiwa tuchore tangazo la sinema ya kutisha, na sisi wawili tulioambiwa hatukuwa tumewahi kuona sinema hata moja. Ndivyo mambo yalivyokuwa Garissa wakati ule wa vita. Anayetumwa haijui kazi, anayemtuma naye haijui, lakini lazima iwe tayari kabla ya Jumamosi.

Nitaandika nilivyoona. Shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo anayetaka Kiswahili cha redio asije kwangu. Majina siweki. Wengine wamekufa, wengine wana watoto ambao hawajui lolote, na watoto hawana kosa. Lakini cheo cha kila mtu nitakitaja, na aliyefanya nitasema alifanya, na mimi nimo.

Tulikuwa tumefungiwa ndani ya seng'enge. Nyumba zetu za mikeka zilibanana humo kama mbuzi wa mnada, na ukitaka kwenda mtoni kuteka maji unaonyesha kipande langoni. Jua likizama lango linafungwa. Mtu aliyebaki nje na mifugo yake bila kipande, kwa serikali huyo ni shifta, mwasi wa porini, hata kama ni mzee anayechunga mbuzi wagonjwa.

Baba yangu alikuwa amefariki kabla ya hayo yote. Aliyebaki na ngamia wetu huko nje ni ndugu yake. Kwetu sisi ndugu ya baba unamwita adeer, na yeye pia anakuita wewe adeer, mtoto na mkubwa mnaitana sawasawa. Katika kundi lake alikuwemo ngamia mmoja wangu mimi. Nilipozaliwa, siku ya kufungwa kitovu, baba alinipa ndama jike, maana kwetu mtoto wa kiume huanza maisha na mnyama wake. Fisi alimshika sikio la kushoto akiwa bado mdogo. Akanusurika, ila sikio likapona likiwa vipande viwili, kimoja kimelala na kimoja kimesimama. Baba alipokufa, adeer alisema mbele ya watu kwamba ngamia yule na uzao wake wote ni amana mkononi mwake mpaka nitakapooa.

Kisha askari wakachukua kundi zima. Walisema ngamia wa alama yetu wameonekana wakibeba bunduki. Wakawaswaga, wakapotea. Mmoja anasema wako nyuma ya kambi hapa Garissa, mwingine anasema wamepelekwa mbali, mwingine anasema wameliwa. Adeer akabaki porini na mbuzi wake, kila apitaye anamuuliza: hujaona ngamia jike, sikio la kushoto limechanika?

Na mama yangu alikuwa amefanya jambo moja bila kumwambia. Alinipeleka shule ya serikali. Adeer alikuwa ameapa kwamba mtoto wa ndugu yake hatavaa kaptura ya serikali mpaka ngamia warudi. Lakini shule ilitoa uji wa mahindi ya njano, na nyumbani chungu kilikuwa kimeinamishwa. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, akaniambia, "Kiapo ni chake, tumbo ni lako." Kwa hivyo asubuhi shule, alasiri duksi, chuo cha Kurani, kwa ma'alimu, na huko porini adeer akijua niko duksi tu.

Sasa sinema.

Gari la sinema lilifika mwanzoni mwa wiki, na mtu wake alikuwa mnene, mcheshi, mtu wa pwani. Mwalimu mkuu wetu, yeye mtu wa bara, akaja naye darasani akamsimamisha mbele.

"Jumamosi kutakuwa na sinema hapa uwanjani," akasema mwalimu mkuu. "Disii wa wilaya anataka watu wengi. Kwanza hotuba, halafu sinema. Nani hapa anajua kuchora?"

Darasa likanigeukia mimi. Nilikuwa nimejaza slate yangu ngamia mpaka hesabu zikakosa nafasi. Na mwingine alikuwa binti wa karani wa bomani, mtoto wa bara pia, mwandiko wake mzuri kama wa kitabu. Tukasimamishwa sote wawili.

"Ni sinema gani?" akauliza yule binti.

Mtu wa sinema akashusha sauti. "Ya maiti. Amelala kaburini jangwani miaka na miaka. Siku moja anaamka. Anatembea. Watu wanakimbia!"

Darasa likapiga kelele. Mimi nikauliza, "Kuna ngamia?"

"We kijana, jangwa bila ngamia ni jangwa gani?" akasema, akacheka.

Huyo ndiye wa kwanza katika hesabu yangu ya waliokosa. Sinema ile alikuwa ameionyesha kila mahali, aliijua kama kiganja chake. Alijua.

Karatasi kubwa hazikuwepo. Tukachukua mifuko ya pamba ya unga wa msaada, tukaifumua, tukaifua, mama wa yule binti akaiunga kwa cherehani yake ikawa shuka moja pana. Maandishi ya kigeni ya mfuko hayakutoka hata kwa sabuni. Yalibaki chini pale, herufi zimepauka zimejipanga. Binti akasema, "Basi hapo ndipo kaburi. Tuseme ni jiwe lake limeandikwa." Nikaona ana akili.

Rangi tulizitafuta wenyewe. Nyeusi tulitoa kwenye betri za tochi zilizokufa, unazipasua, unasaga ule mkaa wa ndani, unakoroga na maziwa kidogo ushike. Ndivyo mwalimu alivyokuwa akipaka ubao wa darasa. Buluu ilikuwa ile ya kufulia. Nyekundu tuliichanganya kwa hena na udongo wa mtoni. Nyeupe hatukuwa nayo, na hapo ndipo nikatoa shauri langu la kwanza: maiti tusimpake rangi kabisa. Tupake usiku mweusi pembeni yake kote, yeye abaki nguo tupu, maana sanda ni nguo na hii ni nguo. Tukapaka. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, wallahi, unaona mtu mweupe anatoka gizani. Mwili ulinisisimka kwa kazi ya mkono wangu mwenyewe.

"Sasa uso," akasema binti. "Lazima awe na meno. Bila meno atakuwa kama mzee wa kanisa."

"Fisi ana meno na simwogopi."

"Muongo wewe, Warya," akasema, kwa jina watu wa bara wanalotuita sisi Wasomali. "Nyinyi mnadanganya mpaka mnajiamini."

"Na nyinyi wa bara mnakimbia popo."

Tungali tunabishana, ma'alimu wangu wa duksi akapita dirishani. Alikuwa amesikia. Hakupiga kelele, alinikaripia kwa upole tu, ndiyo mbaya zaidi: mwenye kuchora kiumbe chenye roho, uso na macho, ataambiwa siku ya kiyama akipulizie uhai. "Wewe utaweza?" akaniuliza. Nikasema hapana. "Basi usimpe macho," akasema, akaenda zake.

Kwa hivyo tukamgeuza maiti. Tukamchora mgongo. Anatoka kaburini, anatupa kisogo, anaelekea mbele. Mwalimu mkuu alipokuja kutazama, hakupenda.

"Mgongo? Nani ataogopa mgongo? Watu wataona mtu anaenda haja."

Binti akacheka mpaka akaketi chini. Mimi nikawaka. Nikasema, "Mwalimu, nipe mpaka kesho. Nitawaogopesha."

Hapo ndipo ngamia alipoingia. Mtoto wa bara anaogopa meno. Lakini watu wangu nilijua wanachoogopa. Ngamia jike hamwachi ndama wake, labda awe amekufa. Ukiona ngamia mama anakimbia na kumwacha mtoto nyuma, hakuna haja ya kuonyeshwa uso wa kitu anachokikimbia. Nikamchora ndama amesimama peke yake karibu na kaburi, shingo chini. Na mama yake mbali kidogo, anakimbilia upande wa pili, ametupa mgongo pia, maana macho yamekatazwa kwa ngamia kama kwa mtu. Sasa, ngamia anayekimbia akikupa mgongo unaona nini? Unaona mapaja, na juu kabisa unaona masikio.

Sikio la kushoto nililichana vipande viwili. Sikufikiri. Ndilo sikio la ngamia nililolijua.

Na pajani nikaweka alama yetu, mstari mrefu wenye ndoano chini. Binti akaona.

"Mbona umemwandika ngamia?"

"Sijamwandika. Ni alama ya wenyewe."

"Iache, inaharibu picha."

"Ngamia bila alama ni wa wizi. Watu watatucheka kijiji kizima."

Hiyo ni kweli na si kweli. Nilijua alama za koo nyingine nyingi, kila mtoto wa kwetu anazijua kabla hajajua alifu. Ningeweza kubuni moja isiyo ya mtu. Na nilikuwa nimesikia watu wazima wakinong'ona kwamba alama yetu inatafutwa na askari. Nikaiweka tu. Nilitaka ngamia wangu awe mahali fulani, ndiyo sababu pekee, hata kama ni kwenye mfuko wa unga. Niliipaka nyeusi ya betri mara mbili ili ikolee.

Mwalimu mkuu alipoiona kazi imekwisha alisema, "Huyu ndama ananitia huruma." Binti akaandika juu kwa herufi nyekundu, SINEMA YA KUTISHA, JUMAMOSI, BURE. Ikatundikwa langoni kwenye nguzo mbili, mahali ambapo kila anayetoka na kuingia lazima aione.

Wa pili ni chifu. Huyu alikuwa wa kwetu, lugha yetu, msikiti wetu. Alipita na kipaza sauti akitangaza kwa Kisomali: siku ya sinema lango litakuwa wazi tangu adhuhuri, na walioko nje na waje, hakuna atakayeulizwa kipande. Akarudia mara nyingi. Akaapa.

Wanawake wanaoleta maziwa walilisikia tangazo lake na wakaiona picha yangu. Walitazama ngamia, wakatazama sikio, wakasoma alama, kisha wakarudi porini na vibuyu vyao. Siwalaumu. Walipeleka habari nzuri kwa mtu aliyekuwa akiitafuta.

Jumamosi alasiri mwalimu mkuu alitusimamisha mimi na binti chini ya lile tangazo, tumevaa sare, tuwaeleze watu. Watu waliingia wengi. Wazee walisimama, wakamwona ndama, wakatema mate pembeni na kusema audhubillahi. Nilifurahi. Nilikuwa nimevimba kama kiriba.

Kisha nikamwona adeer kwenye msururu. Amekonda, fimbo begani, shuka imekuwa rangi ya vumbi. Hakunitazama mimi. Alitazama sikio. Akasogea, akaweka kidole kwenye alama, akaifuata kuanzia juu mpaka kwenye ndoano. Halafu ndipo akaniona, na akaniangalia kuanzia chini kwenda juu.

"Adeer," akasema. "Umevaa nini?"

Nilivuta kaptura chini kwa mikono yote miwili.

"Nani amemchora huyu?"

"Mimi."

"Ulimwona wapi?"

"Sikumwona. Nilimkumbuka."

Najua alichokuwa akifikiri kwa sababu alinieleza palepale, taratibu, kama mtu anayejicheka. "Wenye maziwa waliniambia ngamia wa yatima amechorwa shuleni, sikio na alama. Nikasema, watoto wa shule ni wa serikali, wangelijuaje sikio lile kama hawakuliona? Basi ngamia yuko hapa mjini, kambini. Nimetembea tangu juzi." Akatazama tena ile nguo. "Sikujua kwamba shuleni yuko wa kwetu."

"Rudi, adeer," nikasema. "Rudi sasa hivi."

"Si wamesema leo hakuna kipande? Nitarudi. Mama yako hajambo?" Akainama karibu na picha. "Sikio umeliweza. Lakini mguu wa nyuma umeukosea. Ngamia gani huyu mwenye goti la mbuzi?"

Angeondoka wakati ule angepita. Alibaki kukosoa goti.

Wa tatu ni mwalimu mkuu. Alikuwa amemwona mtu wa porini anagusa alama kwa kidole, akatuma mtu kwa askari. Labda aliogopa kwa ajili ya shule yake. Miaka mingi nimejaribu kumwonea huruma kwa hilo la labda, na sijaweza.

Akaja afisa wa askari na chifu ubavuni mwake. Afisa akaitazama ile alama, akamtazama chifu. Chifu akasema kwa Kiswahili, pole pole, "Afande, ndiyo ile."

"Uliza yeye, ngamia ya alama hii ni ya nani," akasema afisa.

Chifu alijua lugha zote mbili kuliko mimi. Lakini alirudi nyuma nusu hatua na kuninyooshea kidole. "Kijana ni wa shule. Atatafsiri." Hakutaka maneno yatoke kinywani mwake. Kinywani mwangu yalikuwa na nafasi.

Nikamwambia adeer kwa Kisomali, haraka, "Wanauliza alama ni ya nani. Sema huijui. Tafadhali."

Chifu alisikia. Alitazama angani.

Adeer hakupandisha sauti. "Nikiikana hapa mbele ya watu wote hawa, siku ngamia wakipatikana nitawadai kwa alama ipi? Mwambie alama ni ya ukoo wetu, yangu na yako. Na mwambie ngamia huyu si wangu. Ni wa mtoto wa ndugu yangu marehemu, ambaye ni wewe uliyesimama hapa. Mimi namtunzia tu."

Afisa akaniangalia. Mkono wake ulikuwa kwenye mkanda. Watu walikuwa wametuzunguka, na mimi nimevaa kaptura ya serikali, na nikaona kwamba nikisema yote, kwenye lori la askari tutapanda wawili.

"Anasema ngamia ni wake," nikasema.

"Na alama?"

"Pia yake."

Waliojua Kiswahili walinitazama. Chifu alinitazama pia, mara moja, na hakunisahihisha. Neno moja lake lingetosha kuirudisha sentensi yote mahali pake. Mpaka leo sijui kama alinihurumia mimi au alimmaliza adeer. Kwake labda ilikuwa kazi moja.

Aliyesema ni yule binti. Mtoto wa karani, wa bara, asiye na ngamia wala ukoo hapa. Alijitupa mbele. "Afande, ni sisi tumemchora! Ni ngamia wa sinema! Mzee huyu hajui kitu!"

Mwalimu mkuu akamshika sikio akamvuta nyuma. "Nyamaza! Unataka baba yako afukuzwe kazi?"

"Lakini ni kweli! Wewe Warya, si uwaambie! Waambie!"

Nilitazama miguu yangu.

Mzee mmoja kwenye msururu akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Afande, si mulisema leo hakuna kibande?"

"Sijauliza kipande," akasema afisa. "Nimeuliza alama."

Huyo ni wa nne.

Walimpandisha adeer kwenye lori bila kumpiga. Kwa wakati ule hiyo ilihesabiwa kuwa upole. Alipoketi alinitafuta kwa macho. Kiswahili hakukijua, kwa hivyo hakujua nilichosema. Alidhani nimesema aliyonituma. Aliinua fimbo yake kunionyesha lile tangazo. "Mguu wa nyuma, adeer," akaniambia. "Urekebishe." Lori likaondoka.

Na sinema ikaonyeshwa. Watu waliokwisha kuingia hawakuruhusiwa kutoka, tukaketishwa chini, tukasikiliza hotuba ya Disii juu ya amani. Jua lilipozama wakawasha mashine. Mwalimu mkuu aliniweka mbele kabisa, zawadi ya mchoraji. Yule binti alikataa kuketi karibu nami, akaenda kwa baba yake.

Niliitazama sinema yote. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho, kuliko hata lori. Jangwa lilionekana mwanzoni kidogo tu, watu wanachimba, kisha mambo yote yakahamia kwenye nyumba kubwa za kizungu zenye ngazi. Maiti alikuwa anaburuta mguu kwenye mazulia. Nilikaza macho nikisubiri ngamia. Nilijiambia akitokea ngamia, hata mmoja, basi picha yangu itakuwa ya sinema kweli, na yule binti atakuwa amesema kweli, na mtu mzima mmoja ataenda kambini kueleza. Maiti alipomkamata mwanamke shingoni niliruka, nikapiga kelele na wenzangu, na kwa muda ule mfupi nilikuwa nimemsahau adeer kabisa.

Ngamia hakutokea.

Taa zilipowashwa nilimwendea mtu wa sinema. Alikuwa anakunja waya.

"Ulisema kuna ngamia."

"Eh? Ngamia?" Akafikiri. "Kwani wewe ulikuja kuona ngamia? Hapa si mnao tele?"

Nyumbani hooyo alikuwa ameketi mlangoni. Wanawake walikuwa wameshafika kwake kabla yangu. Hakunipiga, na nilitaka anipige.

"Adeer wako alisema ngamia ni wa nani?" akaniuliza.

"Alisema ni wangu."

"Na wewe ulisema ni wa nani?"

"Wake."

Akasema, "Ungesema kweli wangewachukua wote wawili." Akasema tena, kama anayejibishana na mtu mwingine, "Wangewachukua wote wawili." Alinivua ile kaptura, akaifua usiku huohuo, akaianika. Nilidhani anaifua nirudi shule. Kulipokucha akaikunja akamrudishia mwalimu mkuu, na uji tukauacha hapo.

Siku chache baadaye yule binti alinikuta mtoni. Alikuwa ameliiba lile tangazo. Alinitupia kifuani limekunjwa.

"Chukua ngamia wako," akasema. Hakuniita Warya. Hakuniita kitu. Baba yake alihamishwa kabla ya mvua, sikumwona tena. Yeye simweki kwenye hesabu ya waliokosa. Alikuwa peke yake nje ya hesabu hiyo.

Nilijaribu kuifua alama. Nilisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni ya kuomba. Buluu ilitoka, nyekundu ilitoka, SINEMA YA KUTISHA ikafutika ikawa kama damu ya zamani. Nyeusi ya betri haitoki. Alibaki maiti, ndama, sikio na alama. Basi nikachukua mkaa nikarekebisha goti la mguu wa nyuma. Nikalichora, nikalifuta, nikalichora tena mpaka likawa la ngamia. Nikaificha nguo chini ya mkeka nikimngojea adeer aje alione.

Vita viliisha. Seng'enge iling'olewa, watu wakatawanyika, sisi tukabaki karibu na mji. Ngamia hawakurudi. Tulienda ofisi hii na ofisi ile, tukaambiwa kundi la alama hiyo halijulikani. Chifu aliendelea kuwa chifu. Mwalimu mkuu alipandishwa cheo akarudi kwao. Nimeuza mbuzi sokoni miaka yote hii, na chifu nimemsalimu kwa mkono kila Idi mpaka alipokufa, na nilikwenda kumzika.

Aliyekuja ni mtu aliyefungwa pamoja na adeer huko mbali. Waliomwachilia walimwachilia bila viatu. Alimkuta hooyo anachemsha chai, akaketi, akauliza, "Mtoto wa fulani ni yupi?" Nikasema ni mimi. Nilikuwa tayari nina ndevu.

Alisema adeer alikufa kwa kuhara, na alioshwa na kusaliwa, tusiwe na wasiwasi kwa hilo. Kisha akajiweka sawa kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali na sasa anautua.

"Kabla hajafa alinipa neno nikuletee. Alisema: mwambie adeer, amana yake nilipewa mbele ya watu, na sikuilinda. Nilikwenda kumtafuta ngamia wake nikashindwa kumpata. Anisamehe."

Kwetu neno kama hilo halijibiwi kwa kichwa. Maiti aliyekufa na amana ya mtu anabaki amefungwa nayo, mpaka mwenye haki aseme kwa sauti, mbele ya aliyeleta neno, kwamba amesamehe. Yule mtu alikuwa ametembea kwa ajili ya sauti hiyo. Alikuwa ananisubiri. Hooyo aliacha kukoroga.

Ningemwambia nini? Ningemwambia kwamba aliyeomba msamaha ndiye aliyekosewa? Yule mtu angeniuliza kwa nini, na ningelazimika kueleza, na labda angesimama na kuondoka bila jibu, na adeer angebaki amefungwa huko aliko na ngamia wa mfuko wa unga. Na nikinyamaza, anabaki amefungwa vilevile. Njia ya kumfungua ilikuwa moja tu, mimi kukaa pale kama mwenye haki.

Nikasema, "Nimemsamehe."

"Kwa sauti," akasema yule mtu.

"Nimemsamehe adeer, dunia na akhera."

"Allah akulipe," akasema. Akapokea kikombe mkononi mwa hooyo, akanywa. Hooyo hakuniangalia. Chini ya mkeka tulioketi juu yake kulikuwa na ile nguo, na goti lilikuwa sawa.